Kutafuta Vitu vya Mwalimu Obadia

Chama chetu cha waandishi kilitengeneza kabati kwanza, halafu ndipo kikaanza kufikiria cha kuweka ndani. Lilikuwa kabati zuri la vioo, lenye taa zake, na lilipofika ofisini kwetu Dar es Salaam tulipiga nalo picha kabla hata ya kulivua nailoni. Tulikusudia lionyeshe vitu vya marehemu Mwalimu Obadia Mgovano, mwandishi wa riwaya wa Njombe, ambaye alipokuwa hai hatukuwahi kumwalika hata kwenye chai.

Mwenyekiti wetu alikwisha kuchapisha vibao vya maelezo. Kimoja kilisema "Kalamu Iliyoliamsha Taifa", kingine "Meza ya Fikra Pevu". Kulikuwa na kibao cha kiko pia, ingawa Mwalimu Obadia hakuvuta hata sigara maisha yake yote. Nilipomkumbusha jambo hilo, Mwenyekiti aliniangalia kwa huruma.

"Dada Rehema," akasema, "mwandishi mkubwa hakosi kiko. Ukikikosa kwa mjane, ulizia kwa majirani."

Ndivyo nilivyotumwa. Wanakamati wengine wote walikuwa na udhuru, na ukiuchunguza udhuru wa kila mmoja unakuta ni baridi ya Njombe. Mimi ni mtu wa Tanga, niliyezoea kulalamika upepo ukivuma, lakini kazi yangu ni uhariri, na mhariri ndiye hupewa kila kilichowashinda wengine.

Alfajiri ya safari niliingia basi nikiwa na sweta moja, ambalo Tanga lingetosha kwa ukoo mzima. Mkobani niliweka ile riwaya ya Mwalimu iliyopata tuzo, ili nijikumbushe njiani. Ni hadithi ya mawifi wawili wa kisiwani, huko Ziwa Viktoria, wanaogombana hadi kufa kwa sababu ya kanga iliyopotea msibani. Dibaji aliiandika Mwenyekiti mwenyewe, na ni ndefu kuliko sura ya kwanza. Anaeleza kwamba kanga ile ni umoja wa Afrika, kupotea kwake ni ukoloni mamboleo, na mawifi ni mataifa machanga. Nyuma ya kitabu kuna picha ya Mwalimu ameketi kwenye meza pana kando ya dirisha, na chini yake maneno haya: "Huandikia nyumbani kwake, katika utulivu wa milima ya Njombe."

Baada ya Iringa madirisha ya basi yalianza kuingia ukungu. Mafinga misitu ya misonobari ilitukumbatia pande zote mbili. Tulipofika Makambako, pale barabara inapogawanyika, hii ya Mbeya na ile ya Njombe na Songea, abiria wa Mbeya walishuka, nasi tukaanza kupanda. Niliteremka Njombe jioni, nikapumua, na pumzi yangu ikatoka mbele yangu kama moshi. Mhudumu wa nyumba ya wageni aliliona sweta langu, akaniongezea blanketi bila kuniuliza.

Asubuhi yake niliifuata njia ya udongo mwekundu, katikati ya mashamba ya viazi na miparachichi, hadi nyumbani kwa marehemu. Nilimkuta mjane wake, Mama Twilumba, akitoka bandani na ndoo ya maziwa. Alikuwa amevaa koti refu la kiume lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na buti za mpira zinazoweza kumwingiza mtu mwingine ndani yake.

"Kamwene," nikamwamkia kwa Kibena, neno nililofundishwa na yule mhudumu.

"Kamwene, mwanangu. Ingia ndani upesi. Umevaa kama unakwenda kuoga."

Ndani, kando ya jiko la mkaa, nilimweleza nilichofuata. Alinisikiliza huku akichambua maharage. Koti la Mwalimu ndilo hilo alilovaa, akasema, na buti ndizo hizo. Nilitazama uso wake, nikaona na miwani ndiyo hiyo.

"Tulitaka kuiandikia kuwa ni miwani iliyoona mbali," nikasema kwa aibu kidogo.

"Hii ni ya kuonea karibu," akajibu. "Mbali alikuwa haoni. Alimpita ng'ombe wetu barabarani akamwamkia."

Nikauliza meza. Kulikuwa na meza moja tu, ya kulia chakula, na wakati huo wajukuu wanne walikuwa juu yake na chini yake. Ile ya kwenye picha ilikuwa ya mkuu wa shule, pamoja na dirisha. Nyumba hii, Mama Twilumba aliniambia, ililea watoto tisa wa kuzaa, wa ndugu hakuwahesabu, na kwaya ya usharika ilikuwa ikifanyia mazoezi sebuleni kwa sababu kanisani kuna baridi. Niliyakumbuka yale maneno ya utulivu wa milima, nikaacha kuuliza.

Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimeenea kwamba watu wa Dar es Salaam wanakusanya vitu vya Mwalimu. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja. Wa kwanza alileta kofia, wa pili baiskeli isiyo na magurudumu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa diwani alinikabidhi kwa mikono miwili kalamu ambayo Mwalimu alimwachia, kwa kauli yake, siku chache kabla ya kufariki, akimwambia ailinde. Kalamu ilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya dukani. Nilimshukuru. Kibao cha kuliamsha taifa kilikuwa tayari, na sikuona nani mwingine angekipatia kalamu.

Mtu mmoja tu hakuingia. Alikuwa bibi mwembamba aliyesimama upande wa pili wa ua wa matete, akipalilia tuta lilelile muda wote huku akitusikiliza.

"Yule mbona haji?" nikauliza.

"Yule usimwite," akasema Mama Twilumba. "Ni wifi yangu Lea, mdogo wake Mwalimu. Hatusemezani."

"Tangu lini?"

"Tangu alipozikwa mama mkwe."

Akanieleza. Mama yake mzazi alimfumia shali ya sufu, ya rangi ya damu ya mzee, akampa siku ya harusi yake. Usiku wa msiba ule alilala godoro moja na Lea, na shali ilikuwa kichwani pao. Asubuhi haikuwepo. Alimwita Lea mwizi mbele ya waombolezaji. Lea naye akamjibu maneno ambayo hayasemwi mbele ya maiti. Kuanzia hapo waliishi wakitenganishwa na ua wa matete, wakapokea meza ya Bwana Jumapili zilezile na kurudi njia ileile, huyu mbele na huyu nyuma, na kuku tu ndio waliotembeleana.

Mkono wangu ulikuwa juu ya mkoba, na ndani ya mkoba kilikuwemo kitabu. Mwalimu aliyaacha yote kama yalivyo, msiba, godoro na matusi. Shali ya sufu tu ndiyo aliyoigeuza kanga, akaihamishia Ziwa Viktoria, mahali ambapo, ninavyojua, hakuwahi kufika.

"Mama, hiki kitabu chake cha tuzo ulikisoma?"

"Vitabu vyake vyote nilivisoma mpaka pale anaponishukuru kwa uvumilivu. Nikishashukuriwa, nafunga."

Mchana, majirani walipokwisha kuondoka, aliwatoa wajukuu nje na kuufunga mlango. Akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa lile koti na kutoa ufunguo uliofungiwa kipande cha raba. Kwenye raba paliandikwa kwa wino: "Mashine, Lyamkena."

"Niliukuta baada ya mazishi," akasema. "Kila Alhamisi alikuwa akiniaga anakwenda Ilembula, hospitalini, kwa ajili ya mgongo. Anarudi Jumamosi. Mgongo gani huo, mwanangu, unaotibiwa miaka yote na mtu anarudi nyumbani koti lina unga? Nikajua ana mwanamke wa mandazi."

"Na Lyamkena ni wapi?"

"Makambako palepale. Gari inayokwenda Ilembula inapita hapo."

"Kwa nini hukwenda siku zote hizi?"

Aliugeuza ufunguo kiganjani. "Niliogopa nikimkuta ni mzuri."

Halafu akaniambia kwamba mimi nimetumwa kutafuta vitu vya mumewe, na kama vipo vingine, basi vipo huko. Tungekwenda wote kesho. Mimi ningechukua vitu, naye angemwangalia huyo mtu usoni.

Kesho yake Mama Twilumba alitoka amevaa gauni la Krismasi, viatu vya ngozi na kitambaa kipya kichwani, na harufu ya mafuta ya kujipaka ilitangulia mbele yake. Njiani mashamba ya chai yalipita, misitu ya miwati ikapita, naye alikuwa akitembeza midomo tu, kama mwanakwaya anayejikumbusha beti.

Makambako tuliuliza, tukaelekezwa Lyamkena, mpaka kwenye mashine ya kusaga na kukoboa. Mwenye mashine alitoka akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi kandambili. Alikuwa mama mnene wa makamo aliyeitwa Mama Sanga, Mkinga wa Makete, na alitupokea kama anavyompokea mteja ambaye gunia lake halionekani.

"Wewe ndiye?" akauliza Mama Twilumba.

"Ndiye nani, mama?"

"Wa Mwalimu."

"Mwalimu yupi? Yule wa chumba?" Mama Sanga akajipangusa mikono. "Poleni. Nilisikia amefariki, sikujua nimpe nani pole. Aliniambia hana watu."

Nilimshika Mama Twilumba kiwiko, lakini hakuyumba. Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba hao watu ambao hakuwa nao walikuwa tisa, yeye wa kumi. Mama Sanga alimtazama kuanzia kitambaa hadi viatu, akaelewa yale mavazi yalikuwa ya vita gani.

"Mama yangu," akasema, "mimi nilikuwa namwona anapoingia na anapotoka. Alisema anaandika historia ya kanisa. Hakuna aliyemsogelea. Watu waliogopa atawapa waisome."

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine, ukuta kwa ukuta. Baada ya Mwalimu kufariki, Mama Sanga alikifungua kwa ufunguo wake, akaweka humo magunia ya pumba, na kufuli lilikuwa lilelile. Ufunguo ulizunguka bila tatizo. Ndani tulikuta meza iliyogongwa kwa mbao za kreti, kigoda, chupa ya chai na blanketi, vyote vimefunikwa na unga mwembamba. Mashine ilipowashwa kwa ajili ya mteja, chumba kizima kilitetemeka, chupa ya chai ikacheza, nami sikuweza kusikia hata mawazo yangu. Hapo ndipo ulipoandikwa ule utulivu wa milima ya Njombe.

Mama Twilumba hakuitazama meza. Alikuwa akitazama ukuta uliokuwa mbele ya meza. Kwenye misumari, kwa mstari, kulitundikwa kiatu cha mtoto mdogo, manati, mwiko uliovunjika ncha, kofia ya sufu ya kitoto, na mwisho, imekunjwa vizuri, shali ya rangi ya damu ya mzee.

Mashine iliendelea kunguruma. Alikitoa kiatu msumarini, akakigeuza, akakirudisha. Akaishika shali, akaiweka puani. Mimi na Mama Sanga tulisimama mlangoni tukisubiri gunia la mtu liishe.

Mashine ilipozimwa, alianza kusema mara moja, kana kwamba alikuwa akisema muda wote.

"Kiatu ni cha Twilumba. Nilimchapa kwa kukipoteza. Mwiko huu nilimsingizia mfanyakazi, akaondoka kwangu analia."

"Alikuwa akiviangalia sana," akasema Mama Sanga. "Siku moja nilimuuliza, akaniambia watu hawatulii, lakini ukipata vitu vyao, vinatulia."

"Kwani si alikuambia hana watu?"

"Ndiyo, mama. Nilidhani ni vya marehemu wake."

Mama Twilumba aliketi juu ya gunia la pumba, gauni la Krismasi na yote. Akanigeukia mimi, kwa kuwa katika chumba kile mimi ndiye niliyekuwa mtu wa vitabu, na bila shaka nilipaswa kuwajibu watu kwa niaba ya ukoo wa waandishi.

"Alikuwa ananiona ninavyompita Lea nimekaza shingo. Kila Jumapili ananiona. Kwa nini hakusema?"

"Nadhani kitabu kilikuwa hakijaisha," nikasema.

"Na kilipoisha?"

"Kilipata tuzo."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Nilijiandaa kwa mwanamke," akasema. "Mwanamke nilikuwa na maneno yake. Kwa hili sina."

Mama Sanga alitupikia ugali na kutulazimisha kula. Walipoagana, Mama Twilumba alimwomba radhi kwa aliyomfikiria, na Mama Sanga akasema hakuna neno, tangu aanze kusaga nafaka hajawahi kudhaniwa mzuri kiasi hicho. Hapo nilimwona Mama Twilumba akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kiatu, manati, mwiko na kofia alivifungia ndani ya kitambaa. Meza na kigoda akaniambia nichukue, hivyo ndivyo vya mumewe.

Alasiri tulirudi Njombe. Kwenye ua wa matete palikuwa na tundu ambalo kuku wamelipanua mpaka mtu angeweza kupita akiinama. Mama Twilumba hakupita hapo. Alizunguka hadi barabarani, akaingia kwa mlango wa mbele, shali mikononi, akaniambia nimfuate.

Lea alikuwa akimenya viazi. Alituona, kisu kikasimama.

"Kamwene, wifi," akasema Mama Twilumba.

Lea akamaliza kumenya kiazi alichoshika. "Kamwene."

"Nimekuja na kosa langu."

Lea aliitazama shali. Hakuigusa. "Ilikuwa wapi?"

"Kwa kaka yako. Makambako. Aliitundika ukutani aandikie kitabu."

"Mimi siku ile nilimlilia mama," akasema Lea, "na kabla sijamaliza kumlilia mama ikabidi nijililie mwenyewe."

"Najua."

"Hujui. Wanangu waliitwa watoto wa mwizi shuleni. Unajua nini wewe?"

Mama Twilumba alipiga magoti pale chini kwenye maganda ya viazi, na kwa umri wake magoti si jambo dogo. Lea alimwacha hapo kidogo, nadhani kwa makusudi kabisa. Kisha akampa mkono amnyanyue, na wote wawili wakafanya kazi ya kunyanyuka.

Tulipokwisha kuketi, Lea aliuliza kitabu gani hicho. Nilikitoa mkobani. Walitaka niwasomee. Nilipoanza na dibaji, Lea aliniuliza huyo anayesema ni nani, nikamwambia ni Mwenyekiti wetu, akaniomba nimruke.

Basi nikasoma, kando ya jiko, nao wakanisahihisha. Sijawahi kuuhariri mswada na watu wanaojua namna ile.

"Mimi sikusema hivyo," akasema Mama Twilumba nilipofika kwenye matusi ya msibani.

"Hukusema hivyo," akakubali Lea. "Ulisema vibaya zaidi. Hapa amekusaidia."

Kwenye kitabu, yule wifi anayeitwa mwizi ana meno yaliyopangana ovyo. Lea alinisimamisha, akapitisha ulimi mdomoni, akauliza meno yake yana nini. Mama Twilumba akamtazama kwa makini akasema hayana kitu, huyo kaka yake alikuwa haoni mbali. Walicheka, wakakumbuka walikuwa hawajacheka pamoja tangu walipokuwa wasichana wa kwaya, halafu mmoja akaanza kulia na mwingine akamfuata, nami nikajifanya natafuta ukurasa.

Niliruka sehemu nyingi hadi mwisho, ule mwisho ambao wahakiki wanaupenda sana, mawifi wanapokufa siku moja, kila mmoja chumbani kwake, bila kupatana.

"Ametuua," akasema Mama Twilumba.

"Kwa nini atuue?" akauliza Lea.

"Wasomaji wanapenda," nikasema.

Lea aliinua kifuniko cha sufuria na kuchungulia ndani ya mvuke. "Funga hicho kitabu," akasema. "Viazi vimeiva."

Siku ya kuondoka, walinisindikiza wote wawili hadi kituoni, wamevaa masweta, wakibishana juu ya namna ya kufunga kigoda kisiharibike. Meza ilikwenda chini ya basi. Lea alinipa mfuko wa maparachichi, na Mama Twilumba akanipa sweta la pili, akisema hawezi kumrudisha mtoto wa watu Tanga akiwa maiti.

Basi lilipoanza kushuka kuelekea Makambako, nilijaribu kupanga nitaandika nini kwenye taarifa. Nilikwenda nikidhani vitu vya mwandishi ni vile alivyonunua na kuvichakaza, kalamu yake, koti lake, miwani yake, na kwamba humo mtu angemwona. Nilichokiona ni kwamba koti linampasha joto anayelivaa, miwani inamsaidia aliye nayo kuona, na vile alivyovihitaji kweli ili aandike alivichukua kwa watu bila kuwaomba, akawaacha wavigombanie wakati yeye anatafuta neno zuri. Vitabu vyake bado navipenda. Siku hizi nikifika ukurasa wa shukrani huwa nausoma polepole.

Makambako simu ilishika mtandao. Mwenyekiti alikuwa amenitafuta tangu asubuhi.

"Umepata nini?"

Nikamweleza meza ya mbao za kreti, kigoda, na kalamu ya yule diwani. Sikuficha kalamu ilivyo. Nikamweleza na habari ya shali. Nilimsikia akivuta pumzi kwa furaha.

"Ile kanga yenyewe? Ipo? Dada Rehema, hiyo ndiyo ya katikati kabisa, chini ya taa. Umeileta?"

"Sikuileta."

"Kwa nini? Kaongee nao. Waambie ni mali ya taifa."

"Nimemwachia mwenyewe."

"Mwenyewe si marehemu?"

"Mwenyewe yuko hai, Mwenyekiti," nikamwambia, "na Njombe leo kuna baridi."